Sura ya Sita: Dhamana ya Mwenye Mbwa

Katika mitaa ya Kariobangi, kuanzia maghorofa yaliyosongamana upande wa Kusini hadi ploti za Kaskazini zinazopakana na Korogocho, malango mengi ya chuma yana kibao chenye maneno mawili, Mbwa Kali, aghalabu kwa rangi nyekundu, na mara nyingine pamoja na sura ya kichwa kilichotoa meno. Mpita njia hukipita bila ya kusita kwa kuwa amekwisha kukizoea. Mtoto atumwaye dukani hujua maana yake kabla hajajua kusoma. Na mwizi, ambaye ndiye aliyekusudiwa, hukipima kwa hesabu zake mwenyewe, akijiuliza kama nyuma ya lango yumo mbwa kweli au ni tangazo tupu. Sura hii yahusu mbwa mwenye sifa ya ukali pamoja na mtu aliyemweka, na hoja yake ni kwamba haiwezekani kuupima ukali wa yule wa kwanza bila ya kuihesabu dhamana ya huyu wa pili, kwa sababu mjini mbwa mkali hajitokezi peke yake: huchaguliwa, hununuliwa, hufungwa, hulishwa, na hatimaye hufunguliwa, na kila tendo katika hayo lina mkono wa mtu.

Kariobangi ni mtaa uliozaliwa kwa haja. Katika miaka ya 1960, Nairobi ilipokuwa ikipokea watu wengi kuliko nyumba ilizokuwa nazo, viwanja vidogo vilipimwa huku mashariki mwa mji, vikatiwa njia na maji, kisha waliogawiwa wakaachiwa wajenge wenyewe kwa kadiri ya uwezo wao. Nyumba za chini za wakati ule zimetoweka kwa wingi, na mahali pake yamepanda maghorofa ya vyumba vya kupangisha, ambamo aila kwa makumi hushirikiana ngazi moja, bomba moja, kamba za kuanikia nguo na lango moja. Jirani na maskani hayo ziko karakana za Light Industries, ambako mafundi huyeyusha alumini kuukuu wakafua sufuria, na wengine wakaunga majiko na malango. Usiku uingiapo, mali yote hiyo huachwa mikononi mwa soja mmoja na mbwa wawili au watatu wafunguliwao minyororo baada ya magharibi. Na kando ya Mto Nairobi liko jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo takataka zake huwalisha watu, nguruwe, korongo, na makundi ya mbwa wasio na bwana.

Basi mbwa wa pande hizi ni wa makundi matatu, na mipaka baina ya makundi hayo ni myepesi kuvukwa. Yuko mbwa wa lango, ambaye mchana kutwa hufungiwa katika kibanda cha mbao na mabati chini ya ngazi au juu ya paa, akafunguliwa watu wakisha kulala. Yuko mbwa wa karakana, ambaye lindo ndiyo kazi yake. Na yuko mbwa koko, ambaye hakuna mtu akubaliye kuwa mwenyewe. Tuseme akubaliye, kwa kuwa mbwa koko hawakushuka kutoka mwituni: wengi wao ni uzao wa jike la ploti fulani lililozaa bila ya kutakiwa, na wengine ni mbwa wa lango waliozeeka, au waliougua, au waliomuuma mtu asiyestahili kuumwa, wakatiwa guniani usiku na kwenda kutupwa karibu na jaa. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba koko wamezidi Kariobangi, bila ya kujua huwa anawashitaki majirani zake, na yamkini anajishitaki mwenyewe.

Hata hivyo haitakuwa insafu kuanza kwa lawama, kwa sababu mtu wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, aghalabu hafugi mbwa kwa anasa. Ameibiwa nguo kambani, ameng'olewa mita ya maji, amesikia mlango wa jirani ukivunjwa usiku wa manane, na amejifunza kwa tajriba kwamba msaada uombwao usiku huweza kufika asubuhi. Tajiri wa mitaa ya magharibi hujiwekea ukuta mrefu, nyaya za umeme na kampuni ya walinzi. Mwenye ploti wa Kariobangi hujiwekea mbwa, ambaye hutosheka na ugali uliolala, mifupa ya bucha na chenga za mchele, wala hadai mshahara mwisho wa mwezi. Mbwa huyo ni polisi wa asiye na polisi, na mwandishi yeyote asiyeikubali haja hiyo hatasikilizwa na wenye mbwa, wala hastahili kusikilizwa.

Lakini haja, ijapokuwa ni ya kweli, haimpi mtu ruhusa isiyo na mpaka, na jambo hili wazee wa pwani walilifahamu zamani kwa njia ya dini. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yaliyoenea kutoka Lamu hadi Kilwa, mate ya mbwa ni najisi ambayo chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Na bado mafundisho hayohayo yamemruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba, na yamesifu rehema ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Waswahili walitia methali juu yake, kwamba mzoea mbwa huingia naye msikitini, nayo haimlaumu mbwa hata kidogo, bali yamlaumu mtu aliyesahau kumwekea mahali pake. Hata asiyekuwa Mwislamu aweza kuiona hikima iliyomo: ruhusa ya kumweka mbwa imefungamana na kazi anayoifanya na mahali anapoifanyia, na mbwa asiye na kazi wala mahali ni taksiri ya aliyemleta. Kwa kipimo hicho, mbwa wa Kariobangi aachwaye kulinda njia ya watu wote badala ya ua wa bwana wake amekwisha kutoka katika ruhusa.

Tuje sasa kwenye mas'ala ya nasaba, ambayo ndiyo watu hupenda kuyatanguliza. Ukiwauliza vijana wa mtaani ni mbwa gani wa hatari, watakutajia Rottweiler, German Shepherd, Boerboel wa Afrika Kusini, na Pit Bull ambaye wengi wao wamemwona katika video za simu tu; na mwenye ploti aliyepata fedha kidogo hujiona amepanda daraja akiweza kusema kwamba mbwa wake si wa kienyeji. Fahari hiyo imejengwa juu ya tarikhi isiyojulikana vizuri. German Shepherd ni mbwa wa wachungaji wa kondoo, ambaye nasaba yake ilianza kuandikwa mwaka 1899, pale Max von Stephanitz, askari mpanda farasi aliyekwisha kustaafu, alipounda chama cha kumtunza mbwa wa kazi wa Kijerumani. Rottweiler aliitwa kwa jina la mji wa Rottweil, kusini mwa nchi hiyohiyo, ambako alikuwa akiswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya wachinjaji. Wote wawili walitafutwa kwa utii, nguvu na ustahimilivu, na mnyama asiyemsikia bwana wake asingeliweza kuaminiwa kundi la kondoo hata siku moja.

Uingereza ilijaribu kuikabili hatari kwa kuitaja nasaba katika sheria. Mwaka 1991, baada ya mashambulio yaliyotia hofu nchi nzima, Bunge lilipitisha Sheria ya Mbwa wa Hatari iliyowapiga marufuku Pit Bull, Tosa wa Japani, Dogo wa Argentina na Fila wa Brazili. Na zaidi ya miaka 30 baadaye, watu wakiwa bado wanaumwa na wengine wanauawa, serikali iliongeza wa tano, XL Bully, ambaye kuuzwa na kuzalishwa kwake kulikatazwa tangu tarehe 31 Desemba 2023. Mji wa Denver, Marekani, uliwafukuza Pit Bull mwaka 1989. Miaka michache baadaye watafiti waliwachunguza mbwa wa mji huohuo waliouma watu, wakawalinganisha na mbwa wasiouma, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994: Pit Bull hawakuwamo tena, lakini meno hayakupungukiwa na wenyewe. Waliouma walikuwa zaidi madume, wasiohasiwa, na wanaofungwa minyororo uani, na miongoni mwa nasaba zilizojitokeza zaidi alikuwamo German Shepherd, ambaye hakuna aliyekuwa amemfukuza.

Elimu ya siku hizi imeongeza hoja. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000 walioelezwa tabia zao na wenyewe, pamoja na zaidi ya 2,000 waliosomwa chembe zao za urithi, na ikaonekana kwamba nasaba hueleza takriban sehemu 9 tu katika 100 za tofauti ya tabia baina ya mbwa na mbwa. Maana yake ni kwamba anayenunua mbwa kwa jina la nasaba, akidhani amenunua ukali au upole uliokwisha kutiwa ndani, amenunua umbo, rangi na ukubwa, na tabia ataikuta mbele ya safari.

Hata hivyo asije mtu akaifanya hoja hiyo pazia la kujificha. Silika ya mbwa mdogo na ya mbwa mkubwa yaweza kuwa moja, lakini madhara ya taya zao si mamoja: kijibwa cha kilo tano kikiuma kwa woga, mtoto hulia na kupakwa dawa, mbwa wa kilo arobaini akiuma kwa woga uleule, mtoto hupelekwa hospitali, na huenda asirudi. Kwa hiyo nasaba haitupi yakini ya nani atauma, ila hutupa kipimo cha kiasi gani ataumiza, na mtu aliyechagua mwili mkubwa amechagua pia ulinzi mkubwa zaidi juu ya mwili huo. Ama orodha ya nasaba zilizokatazwa, ingeliletwa Kariobangi isingeliwagusa walio wengi, kwani mbwa wa mitaa hii ni mchanganyiko wa vizazi visivyoandikwa, na askari aliyetumwa kuwatafuta wenye nasaba za hatari angelirudi na mabishano badala ya mbwa.

Tukikubali kwamba jina la nasaba halitoshi, yatupasa tutazame jinsi ukali unavyotengenezwa, na hapa Kariobangi hutupa mafunzo kuliko kitabu. Wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor na kuchapisha kazi yao mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana muda mfupi, baina ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili au karibu na hapo, ambapo moyo wake u wazi kuwazoea viumbe wengine. Kila anachokutana nacho kwa amani katika siku hizo hukiona baadaye kuwa sehemu ya dunia yake, na asichokutana nacho hukiogopa. Sasa mtazame mtoto wa mbwa wa mtaani. Hununuliwa kando ya barabara kuu akiwa mchanga, pengine kabla hajaacha maziwa ya mamaye, hutiwa ndani ya kibanda cha mabati apate kuwa mkali, na kwa miezi hamwoni mtu ila yule amtupiaye ugali. Hajui mtoto anayekimbia, hajui mama fua mwenye beseni kichwani, hajui mwendesha boda boda mwenye kofia ya chuma, hajui mtu mwenye mkongojo. Siku mlango wa kibanda utakapoachwa wazi, dunia nzima itakuwa adui yake, na watu watasema kwamba mbwa huyu ni jasiri, ilhali ni mwoga aliyekosa pa kukimbilia.

Kisha juu ya upweke huo huongezwa vitimbi. Wako wasemao kwamba mbwa akitiwa pilipili katika chakula hukomaa, wako wampao bangi, wako wanaomchokoza kwa fimbo kupitia nyufa za mbao ili aizoee ghadhabu, na wako wanaomnyima chakula siku nzima kwa kuamini kuwa njaa hunoa meno. Hakuna hata moja katika hayo limfundishalo mbwa kumbagua mwizi na mgeni wa heri. Mlinzi mwema, awe mtu au mnyama, sifa yake ya kwanza ni kupambanua: hubweka akisikia kishindo kigeni, hunyamaza akiamriwa, na humwacha aliyeingia kwa salamu. Mbwa aliyeteswa hapambanui. Hungoja nafasi tu, na nafasi hiyo aghalabu hupewa na asiye na hatia, kwa sababu mwizi huja na nyama yenye sumu na mtoto huja mikono mitupu.

Yafaa pia kusema kwamba mbwa haumi ghafla kama watu wanavyodai baada ya msiba. Kwanza hukakamaa mwili, hugeuza uso huku jicho likibaki kutazama, hujilamba midomo pasipo chakula, husimamisha mkia bila ya kuutikisa, kisha hunguruma. Ngurumo hiyo ni nasaha, na mtu mwenye busara humshukuru mbwa kwa kuitoa na kujiondoa polepole. Lakini katika nyua nyingi mbwa angurumaye hupigwa teke, naye baada ya mateke kadhaa hujifunza kwamba kuonya kuna adhabu, basi huacha kuonya akaanza kuuma moja kwa moja. Tena watu wasidhani kwamba wanaoumwa zaidi ni wageni wa mbali. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kati ya watu waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, karibu 40 katika 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Na katika nyumba za kupanga mtoto hana ua mwingine wa kuchezea ila ule alimofungwa mbwa wa mwenye nyumba, ambaye mzazi wake hakuulizwa wakati wa kuletwa wala hana sauti ya kutaka aondolewe, kwa kuchelea kuambiwa ahame yeye.

Hapa ndipo kile kibao cha langoni kinapostahili kusomwa upya, na safari hii kwa macho ya sheria. Wenye mbwa wengi hukichukua kuwa kinga: nimekuonya, umeingia, umeumwa, shauri yako. Lakini Sura ya 8 ya Sheria za Kenya yaelekeza kwamba pale sheria iliyoandikwa inaponyamaza, na kwa kadiri hali ya wananchi inavyoruhusu, mahakama zifuate kanuni za mapokeo za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Na miongoni mwa kanuni hizo imo moja iliyothibitishwa mwaka 1846 katika kesi ya May na Burdett. Kisa chenyewe chaweza kumchekesha mtu, kwa kuwa aliyeuma hakuwa mbwa bali kima, na aliyeumwa alikuwa bibi mmoja. Lakini hukumu yake haikuwa ya mchezo. Majaji walisema kwamba mtu amwekaye mnyama huku akijua kwamba ana tabia ya kudhuru watu, humweka kwa dhamana yake mwenyewe, na mnyama huyo akidhuru, mwenyewe hujibu hata kama haikuonyeshwa kwamba alizembea. Ugumu wa mdai ulikuwa ni kuthibitisha kwamba mwenye mnyama aliijua tabia hiyo, kwa sababu mwenye mbwa husema siku zote kwamba mbwa wake hajapata kumgusa mtu.

Sasa mtu aliyepaka rangi nyekundu langoni mwake kuwatangazia walimwengu kwamba mbwa wake ni mkali, atasimamaje mbele ya hakimu akasema kwamba hakujua? Kibao huenda kikamfaa dhidi ya aliyeruka ukuta usiku. Dhidi ya mtoto wa mpangaji, msoma mita, mama mboga aliyeitwa aingie, au mpita njia aliyeumwa nje ya lango lililoachwa wazi, kibao ni ushahidi ulioandikwa kwa mkono wa mshitakiwa mwenyewe. Wala si madai ya fidia peke yake. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambacho huadhibu uzembe unaohatarisha maisha ya watu, kimemtaja mtu aachaye kuchukua hadhari juu ya hatari itokayo kwa mnyama aliye mikononi mwake, na kimemweka safu moja na aendeshaye gari ovyo na achezaye na moto. Mfano wa moto wafaa kuliko mwingine wowote: hakuna aulizaye moto ulikuwa wa kuni za aina gani, huulizwa nani aliuwasha na alikuwa wapi uliposhika paa la jirani.

Kaunti ya Nairobi nayo ilijitungia sheria yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015, inayotaka mbwa wawe na leseni na wasiachwe kurandaranda. Aidha Mahakama ya Madai Madogo, iliyofungua milango huko Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwamo ya fidia ya majeraha ya mwili, bila ya kumlazimisha mdai amtafute wakili. Kwa hiyo haki haikukosa mahali pa kukaa. Lakini desturi ya mtaani hupenda mambo yamalizwe nyumbani: mzee wa Nyumba Kumi huitwa, mwenye mbwa hutoa fedha za sindano ya kwanza, huomba radhi, na usiku uleule mbwa hutoweka. Watu husema yamekwisha, ilhali mbwa amehamishiwa mtaa mwingine pamoja na ukali wake, na sindano zilizobaki amebaki nazo mzazi wa mtoto.

Na sindano hizo si jambo la kufanyiwa dhihaka, kwa kuwa meno ya mbwa hubeba mauti ambayo hayana tiba dalili zikisha kudhihiri. Kichaa cha mbwa kiliandikwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, katika mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi, na zaidi ya karne moja baadaye mpango wa kitaifa wa mwaka 2014, uliokusudia kuukomesha ugonjwa huo ifikapo 2030, ulikadiria kwamba hadi watu 2,000 hufa kwa kichaa nchini kila mwaka. Aliyeumwa na aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, asilifunge kwa kitambaa wala kulipaka mafuta ya taa, kisha aende hima hospitali na amalize sindano zote atakazoandikiwa, hata jeraha likiwa limepona kwa nje. Katika shida hiyo yote mwenye mbwa aweza kumtua jirani yake mzigo mzito kwa kumwonyesha hati moja, ile ya chanjo ya mbwa. Na asiyekuwa nayo amemzidishia aliyeumwa hofu ya majuma kadhaa juu ya maumivu ya mwili.

Kwa miaka mingi dawa iliyotumiwa katika miji yetu ilikuwa ni risasi na nyama yenye sumu, na kila baada ya msako mitaa ilitulia kwa muda, kisha mbwa wengine wakaja kushika nafasi, maadamu takataka zilibaki palepale. Njia iliyofaa inajulikana, na haikutoka mbali. Kisiwani Pemba, ambako watu walio wengi hawafugi mbwa ndani ya nyumba zao, kampeni za kuwachanja mbwa ziliuondoa ugonjwa. Ukarudi katika mwaka 2016. Chanjo zikarudiwa kwa bidii, ukang'olewa tena. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na zoezi likirudiwa kila mwaka, kichaa hukosa pa kupita. Kipimo hicho hakiwezi kufikiwa na serikali peke yake, kwa sababu daktari wa mifugo ajapo na sanduku lake la barafu katika uwanja wa Kariobangi, hawezi kumchanja mbwa ambaye hakuna mtu aliyemleta, na hapo hudhihirika upya tofauti ya mbwa mwenye bwana na mbwa aliye na mlishaji tu.

Dhamana ya mwenye mbwa, basi, si neno la kupamba hotuba, bali ni hesabu inayoweza kuandikwa na kulipwa. Ni chanjo ya kila mwaka na hati yake. Ni kumhasi dume na kumfunga kizazi jike, ili ploti isiwazalie Dandora watoto. Ni kumtoa mtoto wa mbwa kibandani katika wiki zake za mwanzo, awaone watu wa umri wote na asikie kelele za mtaa akiwa katika mikono ya upole. Ni lango linalojifunga lenyewe, na uzio wa ndani unaomtenga mbwa na ngazi wanazopita watoto, kwa sababu mnyororo humzidishia ghadhabu bila ya kumpa usalama mtu mwingine. Ni maji safi, kivuli, na matembezi ya kila siku akiwa na ukanda shingoni. Na katika nyumba za kupanga ni jambo moja zaidi, ambalo halijapata kuwa desturi lakini lapasa liwe: kwamba mwenye nyumba atakaye kuleta mbwa awakutanishe wapangaji wake, awaambie mbwa atakaa wapi, atafunguliwa saa ngapi, na nani atakayegharimia matibabu likitokea la kutokea, kwa kuwa hofu ya mbwa huyo itakuwa yao wote hata kama usalama wake ni wa mmoja.

Hesabu hiyo ikijumlishwa kwa miaka kumi au zaidi, ambayo ndiyo umri wa mbwa aliyetunzwa, itaonekana kwamba yule mlinzi asiyedai mshahara hakuwa wa bure. Gharama yake ilikuwa ikilipwa na wengine, kwa meno, kwa sindano na kwa watoto kukatazwa kucheza uani mwao wenyewe. Mwenye kuweza kuilipa mwenyewe na amweke mbwa, amwite jina zuri, na amfaidi, kwani hakuna rafiki mwaminifu kuliko mbwa aliyelelewa kwa haki. Na mwenye kuiona ni kubwa kuliko uwezo wake hana haja ya kuona haya, kwa maana iko njia iliyo halali na ya gharama nafuu: na anunue kufuli jema na taa ya nje, ambavyo havijapata kumng'ata mtoto wa mtu.